Ekipe yenye kufunga mulango

Tunapoongea juu ya ekipe kubwa, siku zote tunahesabu magoli yenye iliingiza. Leo tuhesabu yale yenye ilikataa. Ekipe ni Canadiens ya Montréal, katika inchi ya Kanada, muji ambamo watu wengi wanasema Kifaransa. Muchezo ni hokey ya barafu.

Kwa wale wasioujua: uwanja ni maji yaliyogandishwa kama katika frigo, urefu metre 61, upana metre 26. Kila ekipe inaweka watu 6: mulinda goli, wawili wa nyuma, watatu wa mbele. Wanavaa viatu vyenye chuma kama kisu chini, wanateleza mbio sana, na kwa fimbo wanasukuma kisahani kigumu cheusi cha mupira. Goli lenyewe ni dogo, upana metre 1,83, urefu metre 1,22. Mechi ni dakika 20 mara tatu.

Sasa tuangalie ule wakati. Mpaka 1967 ligi kubwa ya kule, NHL, ilikuwa na ekipe 6 tu. Mwaka 1974 zilikuwa 18, na tangu 1972 ligi ingine ilikuwa inanunua wacheza wake. Wazuri wakatawanyika, ekipe nyingi zikabaki na watu wa nyuma wasiojua kazi yao. Magoli yakanyesha kama mvua. Boston iliingiza 399 katika mechi 78 za musimu wa 1970-71. Washington, ekipe mupya, ilifungwa 446 katika mechi 80 za 1974-75. Ni zaidi ya 5 kila mechi! Hata mwaka wa 1976-77 ekipe ya kawaida ilikuwa inafungwa zaidi ya 3 kwa mechi.

Musimu ule ule Canadiens ilifungwa 171 tu katika mechi 80, ni kusema 2 na kidogo. Ilishinda mechi 60, ikatoka sawa 12, ikapoteza 8. Kwake nyumbani ilipoteza moja.

Mutu atasema: basi walirudi wote nyuma, wakasimama mbele ya goli kama mawe. Hapana hata kidogo. Ekipe hiyo iliingiza magoli 387, na hakuna ingine katika ligi iliyofikia hesabu hiyo mwaka ule. Ginsi gani?

Mufundishaji Scotty Bowman alikuwa na watu wa nyuma watatu wenye sifa: Larry Robinson, Serge Savard na Guy Lapointe. Mutu wa nyuma mwenye woga anapiga kisahani mbali, popote, na adui anakiokota tena. Hawa hawakukitupa. Walikikamata, wakainua kichwa, wakakipeleka mbele wao wenyewe ao wakamupa mwenzao mwenye kuteleza tayari. Adui asiye na kisahani hawezi kukupiga. Na watu wa mbele nao walikuwa na deni: kisahani kikipotea kule mbali, mumoja anamufuata mwenye nacho palepale, wengine wanarudi mbio wakiziba njia ya katikati. Adui akifika mwisho karibu na goli la Montréal, amekwisha kuchoka na amesukumwa pembeni, pahali pabaya pa kupigia. Kwa hiyo ulinzi ulianzia mbele ya goli la wengine.

Nyuma yao wote alisimama Ken Dryden, mutu wa metre 1,93, tena mwanasheria. Musimu wa 1973-74 hakupatana na ekipe juu ya mushahara, akaenda kufanya kazi ya sheria Toronto. Mwaka wa mbele ya pale Canadiens ilifungwa 184. Bila yeye ikafungwa 240. Kwa hiyo wengine wanasema Dryden ndiye alikuwa ulinzi wote. Mimi sikubali. Katika 1976-77 mwenzake Michel Larocque alilinda goli katika mechi 26, na yeye pia alifungwa 2 na kidogo kwa mechi, sawa na Dryden. Ukuta wa mbele yao ulikuwa mumoja.

Tena kulinda goli nyuma ya ukuta kama ule si kupumzika. Tarehe 31 Desemba 1975 Canadiens ilicheza na ekipe ya jeshi ya Moscow. Montréal ilipiga kwa goli mara 38, Warusi mara 13 tu, na hata vile mechi ikaisha 3 kwa 3. Mulinda goli anakaa, mawazo yanatembea, mwili unapoa, na ghafula kisahani kiko hapa.

Canadiens ilichukua kombe miaka minne yenye kufuatana, 1976 mpaka 1979. Ile ya 1977 ilishinda Boston mechi 4 kwa 0. Watu waliimba Steve Shutt, magoli 60 katika 1976-77, na Guy Lafleur, 56. Bob Gainey, mutu wa mbele, aliingiza 14. Kazi yake ilikuwa kuteleza na washambuliaji hodari wa adui na kuwanyima nafasi. Katika ligi hakukuwa na zawadi ya mutu wa mbele mwenye kazi ya namna ile. Ikaanza kutolewa mwaka 1978, kwa jina la Frank Selke. Wa kwanza kuipata alikuwa Gainey, na akaipata tena 1979, 1980 na 1981.