Manowari ya Gharama Nafuu kwa Bahari za Mbali

Mazungumzo haya ni ya manowari, yaani merikebu kubwa za vita zilizoundwa kwa chuma na kuendeshwa kwa mvuke. Nia yetu si kusifu vita. Nia yetu ni kutazama jambo moja ambalo kila mwenye kuunda chombo hulijua, awe fundi wa majahazi wa Lamu au mhandisi wa Uingereza: chombo hakiwezi kupewa kila kitu. Ukizidisha hapa, sharti upunguze pale. Tutalitazama jambo hili katika manowari sita ambazo Waingereza walianza kuziunda baina ya mwaka wa 1896 na 1898 kwa ajili ya bahari za Mashariki. Majina yake ni Canopus, Goliath, Albion, Ocean, Glory na Vengeance. Mojawapo, Goliath, ilikuja hata pwani yetu, na watu wa Dar es Salaam wakasikia ngurumo ya mizinga yake mwaka wa 1914.

Kwanza na tukumbuke habari ya uzito. Chombo kinapoelea, huyasukuma maji ambayo uzito wake ni sawasawa na uzito wa chombo chenyewe pamoja na vyote vilivyomo. Nahodha wa jahazi anajua: kila gunia la chumvi analoongeza ngamani, chombo kinazidi kukaa chini majini, na mahali alipopita jana bila kugusa mchanga, leo atakwama. Manowari nayo ni hivyo hivyo. Uzito wake umegawanyika katika mafungu manne makubwa: mwili wenyewe, yaani mkuku, mataruma na mabamba ya ubavuni, deraya, yaani bamba nene la chuma la kuzuia risasi, mizinga na baruti yake, na mwisho injini pamoja na makaa ya mawe. Anayetaka deraya nene, na mizinga mikubwa, na mwendo wa kasi, na makaa ya safari ndefu, vyote kwa pamoja, atapata merikebu kubwa mno, yenye gharama isiyolipika, tena inayokaa chini sana majini hata isiweze kuingia katika bandari nyingi. Ndiyo maana wazee wakasema, mtaka yote hukosa yote.

Sasa, kwa nini Waingereza walitaka manowari za namna ya peke yake kwa Mashariki? Katika vita vya mwaka wa 1894 na 1895 Wajapani waliwashinda Wachina, na baada ya hapo wakapata manowari mbili kubwa mpya, Fuji na Yashima, ambazo zote mbili ziliundwa Uingereza kwenyewe na kumalizika mwaka wa 1897. Urusi na Ufaransa nazo zilikuwa na merikebu zao katika bahari zile. Waingereza walikuwa na biashara kubwa Hong Kong, Singapore na Shanghai, wakaona kwamba merikebu ndogo za doria hazitoshi tena. Lakini manowari zao bora za wakati ule, zile za jamii ya Majestic zenye uzito wa karibu tani 15,000, zilikuwa zinatakiwa nyumbani, kulinda Uingereza yenyewe na bahari ya Mediterania. Kuzipeleka mbali kungekuwa sawa na mtu kuondoa mlango wa nyumba yake akaufunge shambani.

Tena safari ya Mashariki ilikuwa na masharti yake. Kutoka Uingereza merikebu hupita Gibraltar, Malta, Port Said, Aden na Colombo, na mahali pote hapo hutia makaa. Mfereji wa Suez wakati ule haukuwa na kina kama ulicho nacho leo. Huko mwisho wa safari, katika nchi ya Uchina, manowari ilitakiwa iweze kuupanda mto Yangtze. Na magudi, yaani mahali pa kutengenezea merikebu, yalikuwa machache na mbali mbali. Katika maji ya joto chini ya chombo huota magugu na kushika konokono wa baharini, na mwendo hupungua. Wenye majahazi hukiburura chombo ufukoni wakakipaka shahamu, lakini chombo cha maelfu ya tani hakiburuzwi ufukoni. Kwa sababu hiyo manowari Renown, iliyoshushwa majini mwaka wa 1895, ilivikwa mbao na shaba chini yake, nao huo ukawa uzito mwingine na gharama nyingine.

Waingereza walikuwa wamekwisha kujaribu njia moja ya kupunguza gharama. Mwaka wa 1892 walizishusha majini Centurion na Barfleur, manowari za daraja la pili, za uzito wa tani 10,500 hivi. Katika hizo walipunguza mizinga. Badala ya mizinga yenye mdomo wa inchi 12 waliweka ya inchi 10. Tofauti ya inchi mbili yaonekana ndogo, lakini tazameni risasi zake: risasi ya mzinga wa inchi 12 ilikuwa na uzito wa ratili 850, na ile ya inchi 10 ratili 500 tu. Merikebu hizi zilikuwa na mbio, na ziliwafaa sana katika kuwatisha wenye merikebu ndogo. Lakini kama zingekutana na manowari ya daraja la kwanza, zingepigwa kwa risasi nzito kuliko zake. Askari aliyepewa rungu hafai kushindana na mwenye mkuki, hata akiwa hodari wa kukimbia.

Basi mkuu wa mafundi waundao manowari za Kiingereza, Sir William White, alipotakiwa kuchora zile sita, hakukubali kupunguza mizinga mikubwa. Aliiacha minne ya inchi 12, miwili mbele na miwili nyuma, pamoja na kumi na miwili ya inchi 6 ubavuni, sawa na Majestic. Ikambidi apunguze mahali pengine. Akapunguza deraya. Majestic ilikuwa na deraya ya inchi 9 ubavuni. Canopus na ndugu zake zilipewa inchi 6 tu. Lakini hapa palikuwa na siri ya wafua chuma. Deraya ya Majestic ilitengenezwa kwa njia ya Harvey. Na katika miaka ile kiwanda cha Krupp cha Ujerumani kilivumbua njia mpya ya kuufanya uso wa chuma uwe mgumu sana, na nyuma yake ubaki mnyumbufu, usipasuke. Inchi 6 za chuma cha Krupp zilikuwa na nguvu ya kukaribia inchi 8 za chuma cha Harvey. Kwa hiyo unene ulipungua sana, lakini nguvu haikupungua kwa kadiri hiyo.

Mahali pa pili pa kuokoa uzito palikuwa katika kuchemsha maji. Katika boila za zamani moto ulipita ndani ya mabomba, na maji mengi yalikuwa nje yake katika pipa kubwa la chuma. Katika boila mpya za Belleville, zilizobuniwa na Wafaransa, maji yalipita ndani ya mabomba, na moto ukawa nje. Maji yakawa machache, mvuke ukapatikana upesi, na nguvu yake ikawa nyingi zaidi. Manowari hizi sita zilikuwa za kwanza za Kiingereza za daraja la kwanza kutiwa boila za namna hiyo. Zikaweza kwenda maili 18 za baharini kwa saa, ambapo Majestic ilikwenda kama 17. Lakini jambo hili nalo lilikuwa na bei yake, maana boila za Belleville zilivuja na kusumbua, nazo zilitaka mafundi waliofundishwa vema. Mahali palipo mbali na karakana, hilo si jambo dogo.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana manowari ya tani 13,000 hivi, pungufu ya Majestic kwa karibu tani 2,000, yenye mizinga ile ile, mbio zaidi, na deraya nyembamba. Kila moja iligharimu baina ya pauni 800,000 na 900,000. Kwa jicho la fundi, kazi ilikuwa nzuri. Alikuwa ameulizwa swali gumu, naye alilijibu.

Lakini manowari huundwa kwa miaka mitatu au minne na hutakiwa kutumika miaka ishirini, na dunia haingoji. Zilikwenda Uchina kweli. Goliath ilianza kazi mwaka wa 1900 ikapelekwa huko. Mwaka wa 1902 Waingereza na Wajapani wakafanya mapatano ya urafiki, na mtu aliyeogopwa akawa rafiki. Mwaka wa 1905 Wajapani wakaziangamiza merikebu za Urusi huko Tsushima, na mwaka huo huo Waingereza wakaziita nyumbani manowari zao za Uchina. Kisha mwaka wa 1906 ikatoka Dreadnought, yenye mizinga kumi ya inchi 12 na mwendo wa maili 21 kwa saa, na manowari zote zilizotangulia zikawa za kale kwa siku moja. Zile sita, zilizoundwa kwa kazi maalumu, zilibaki bila kazi yake.

Vita Kuu ilipozuka mwaka wa 1914 zilitolewa tena, zikatumwa mahali palipoonekana si pa hatari sana. Ndipo Goliath ilipokuja Afrika Mashariki. Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba, tena Wajerumani walikuwa wamezamisha gudi lao la kuelea ili kuuziba. Manowari ya kukaa futi 26 majini haikuweza kuingia. Tarehe 28 Novemba, 1914, ilibaki nje, na waliotumwa ndani kuziharibu injini za meli za Kijerumani walikwenda kwa mashua ndogo za mvuke. Walipokuwa wakitoka walipigwa risasi kutoka pande zote mbili. Kiongozi wao, Henry Peel Ritchie wa Goliath, alipata majeraha manane, akatunukiwa baadaye nishani ya Victoria Cross. Goliath ikajibu kwa mizinga yake mikubwa kuupiga mji. Mashambulizi ya namna hii ya majini ndiyo yaliyoliharibu jumba la Gavana wa Kijerumani. Waingereza walilijenga upya mwaka wa 1922 mahali pale pale ilipo Ikulu.

Kazi nyingine ilikuwa Rufiji. Manowari ndogo ya mbio ya Wajerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza hapo Unguja tarehe 20 Septemba, 1914, ilijificha katika mikoko ya delta ya Rufiji. Goliath ilikuwa na mizinga ya kuivunja vipande vipande, lakini kwa uzito wake haikuweza kusogea karibu hata risasi zake zifike. Mchanga ulikuwa ngao bora kuliko deraya. Mwishowe waliletwa wengine: Severn na Mersey, manowari ndogo za mtoni za tani 1,260 hivi, ambazo ziliundwa kwa ajili ya Brazil, zikakaa majini karibu futi 6 tu. Hizo ziliingia mtoni, zikasaidiwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia kutazama risasi zinapoanguka, na tarehe 11 Julai, 1915, Königsberg ikaharibiwa. Kila chombo kwa wimbile, husema watu wa pwani. Na hapo ilithibitika.

Wakati huo Goliath yenyewe haikuwapo tena. Ilikuwa imepelekwa Dardanelles kupigana na Waturuki. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei, 1915, imetia nanga katika ghuba ya Morto, katika ukungu, ilijiwa na Muavenet-i Milliye, chombo cha Waturuki kisichofikia tani 1,000. Topedo tatu zikaipiga ubavuni chini ya deraya. Ilipinduka upesi ikazama, na watu 570 wakafa. Ndugu yake Ocean ilikuwa imezama karibu na hapo tarehe 18 Machi, baada ya kugonga bomu lililotegwa majini. Zile nne nyingine zilipona, zikauzwa kuwa vyuma vikuukuu baina ya 1919 na 1922.

Je, tuseme zilikuwa merikebu mbaya? Hasha. Tazameni Canopus. Tarehe 8 Desemba, 1914, ilikuwa imekwisha kuketishwa makusudi juu ya matope katika bandari ya Stanley, visiwa vya Falkland, iwe kama ngome. Nayo ndiyo iliyopiga risasi za kwanza zilizowafukuza Wajerumani siku ile. Chombo kizee, kilichoundwa kwa mbio, kilifanya kazi yake iliyo bora kikiwa hakiendi.

Ila tuseme hivi. Unafuu wa chombo haujulikani kwa bei ya kukiunda peke yake. Sharti aulizwe pia mwenye kukitaka: kitaelea katika maji ya kina gani? Kitakutana na adui wa namna gani, naye atakuwa adui mpaka lini? Kikiharibika, nani atakitengeneza, na wapi? Na kikitumwa kwa kazi nyingine isiyo yake, watu waliomo watakuwa na kinga gani? Sir William White alijibu vema maswali ya mwaka wa 1896. Waliozituma merikebu zile Dardanelles mwaka wa 1915 walikuwa na maswali mengine, na deraya ya inchi 6 haikuwekwa kwa ajili ya topedo. Watu 570 wa Goliath ndio walioilipa tofauti hiyo.