Kabureta: Safisha, Badili Jeti au Nunua Mpya?

Pikipiki ya CC 125 ikianza kula mafuta, kutoa moshi mweusi au kuchoka mlimani, ushauri wa haraka huwa mmoja: weka kabureta mpya. Mara nyingi hiyo ndiyo njia ya ghali kuliko zote, na ugonjwa unaweza kubaki palepale. Anza na kisichogharimu kitu.

Uchunguzi: bure. Tembea mwendo wa kutosha, zima, injini ipoe, kisha fungua plagi. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Nyeupe, petroli haitoshi. Kahawia, mchanganyiko uko sawa. Angalia pia tatizo linatokea wapi. Likiwa kwenye sailensa, injini ikinguruma bila kuvutwa resi, shuku jeti ndogo. Katikati ya resi, sindano. Resi ya mwisho, jeti kubwa.

Chujio, mpira na usafi: gharama ndogo. Chujio la hewa lililoziba huifanya plagi iwe nyeusi. Mpira unaounganisha kabureta na injini ukipasuka, plagi huwa nyeupe. Hivyo viwili vikaguliwe kabla ya kuilaumu jeti. Kabureta isafishwe kwa petroli na upepo wa kompresa. Fundi akichomeka waya kwenye jeti, mzuie: tundu likitanuka hata kidogo, utalilipia kila siku kituo cha mafuta.

Jeti: bei ndogo kuliko kabureta nzima. Nenda dukani na jeti ya zamani mkononi, usome namba iliyogongwa juu yake. Jeti kubwa namba 100 ya Keihin si sawa na namba 100 ya Mikuni, kwa kuwa kampuni hizo hazipimi kwa njia moja. Hela hii ina faida hasa kwa anayehama ukanda. Pikipiki iliyotegeshwa Dar es Salaam ikipelekwa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hukuta hewa nyepesi kwa takriban moja ya tano. Petroli inazidi, na jeti kubwa yenye namba ndogo zaidi huirudishia sehemu ya nguvu.

Kabureta mpya: mwisho kabisa. Inunue pale pistoni yake imelika, nyuzi za skrubu zimekufa au mwili umepasuka. Ya kuiga ni rahisi, lakini huenda jeti zake haziendani na injini yako. Uliza namba kabla ya kulipa. Orijino ya modeli yako ni ghali, ila huja na jeti zinazostahili.

Kwa bodaboda, piga hesabu hii: nusu lita inayopotea kila siku, kwa siku 26 za kazi, ni lita 13 kwa mwezi. Zidisha kwa bei kikomo ya petroli ya mwezi huu kutoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kisha linganisha na bei ya kabureta. Ikiwa kabureta yako kweli imelika, nunua orijino. Kama haijalika, safisha, badili jeti, na hela iliyobaki peleka nyumbani.