Spana ya Kipimo kwa Mwenye Gari

Katika mji wa Likasi, ambao hadi mwaka 1966 uliitwa Jadotville, ni vigumu kupita mtaani usisikie mlio wa chuma. Viwanda vya shaba na karakana zimelea vizazi vya mafundi hapa, na wengi wa wana wao hutengeneza magari yao wenyewe uani. Twawasifu kwa hilo. Hata hivyo, katika masanduku mengi ya vyombo twakosa kuona kimoja chenye maana kubwa, nacho ni spana ya kipimo, ile ambayo mafundi waliojifunza kwa Kifaransa huiita kle dinamometriki.

Fundi mzee atatuambia kwamba mkono wake ndio kipimo. Twamheshimu mzee huyo, maana mkono wake umefunga nati nyingi kuliko tunazoweza kuhesabu. Lakini mkono wa asubuhi si mkono wa jioni, na mkono wa kijana mwenye hasira si mkono wa baba yake. Nati ya gurudumu iliyolegea huacha rimu icheze, matundu yake hupanuka, na siku moja gurudumu hutoka gari likiwa mwendoni. Yafaa baba wa familia aifikirie barabara ya Lubumbashi, kilomita 120 hivi, watoto wamekaa nyuma na malori yenye shehena ya madini yanakuja mbele yake. Nati iliyokazwa mno nayo ni hatari, kwa kuwa bolti huvutika kupita kiasi, hata ikakatika.

Kwa nini huvutika? Wengi hudhani bolti hushika kama msumari. Sivyo, bolti ni kama springi ngumu sana. Tukiikaza, hurefuka kidogo mno, na hamu yake ya kurudi katika urefu wake ndiyo inayobana vyuma viwili pamoja. Jambo la kushangaza ni kwamba sehemu 9 hivi katika kila 10 za nguvu yetu hupotea katika msuguano wa meno na wa kichwa cha nati, na sehemu 1 tu ndiyo inayovuta bolti. Kwa hiyo tusipake mafuta kwenye meno kama kitabu cha gari hakikuagiza. Msuguano ukipungua, kipimo kile kile huvuta bolti kuliko ilivyokusudiwa. Meno yasafishwe kwa brashi ya waya, yawe makavu.

Kipimo chenyewe ni nyutoni-mita. Tukitundika kilo 10 kwenye ncha ya mpini wenye urefu wa mita 1, twapata nyutoni-mita 98. Nati za magurudumu za Toyota Corolla nyingi hukazwa kwa 103; plagi za injini huhitaji kidogo zaidi, mara nyingi 18 hadi 25. Kila mtu afuate kitabu cha gari lake, si la jirani.

Anayenunua spana moja tu, kwa maoni yetu, achague yenye kichwa cha mraba cha nusu inchi, ipimayo nyutoni-mita 40 hadi 200. Hiyo yatosha kwa magurudumu na bolti kubwa nyingi. Kwa plagi haifai, kwani spana kubwa haisemi kweli chini ya sehemu ya tano ya kipimo chake cha juu. Iko ya mshale, rahisi na yenye kudumu, ila ni lazima kuutazama mshale. Iko pia ya kulia “tak” nguvu ikitimia, na hii ndiyo hupendwa. Ikilia mara moja, tuache. Anayeivuta tena na tena ili aisikie ameongeza nguvu bila kujua.

Tukiinunua iliyotumika, tuijaribu hivi. Kichwa chake kibanwe katika jiliwa, mpini ulale sawasawa, kisha bidoni ya maji ya lita 20 itundikwe taratibu kwenye mshiko, sentimita 40 kutoka katikati ya kichwa. Maji na bidoni ni kilo 21 hivi, yaani nyutoni-mita 82. Spana ikiwekwa 70 ilie. Ikiwekwa 95 inyamaze. Jaribio hili halichukui nafasi ya upimaji wa karakana, ambao hushauriwa kila miezi 12 au baada ya matumizi 5,000, lakini hufichua spana mbovu.

Kazini, nati zikazwe kwanza kwa mkono gari likiwa juu ya jeki, kisha gari lishushwe na zimaliziwe kwa spana ya kipimo, kwa kuvuka upande hadi upande, si kwa kuzunguka. Mkono ushike katikati ya mshiko, uvute polepole. Tusiifungulie nati zenye kutu wala kuichomekea bomba la kurefusha. Kazi hiyo ina spana yake. Jioni irudishwe kwenye alama yake ya chini kabisa ili springi ipumzike, kisha ilazwe sandukuni. Na baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zipimwe tena. Aendaye Lubumbashi asimame njiani, atoe spana, azipitie zote. Ni kazi ya dakika 5.