Ada Huonekana, Maarifa Hayaonekani

Ukiilaza kalenda ya uchaguzi ya Afrika Mashariki kando ya historia ya ada za shule, utaona zinafuatana kama nyayo. Rais Yoweri Museveni aliahidi elimu ya msingi bila malipo katika kampeni za 1996. Mwaka uliofuata wanafunzi wa shule za msingi Uganda walipanda kutoka milioni 3.1 hivi hadi milioni 5.3. Nchini Kenya, muungano wa NARC ulitoa ahadi kama hiyo mwishoni mwa 2002, na Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ikafuta ada. Wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Pierre Nkurunziza wa Burundi alilitangaza jambo hilo alipoapishwa Agosti 2005. Tanzania ilifuta ada ya msingi mara baada ya uchaguzi wa 2000, kisha ikafuta ya sekondari hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, wakati John Magufuli hajatimiza hata miezi mitatu madarakani. Mamilioni ya watoto waliingia darasani kwa sababu ya kura za wazazi wao, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini tathmini ya Uwezo ya 2011, iliyowapima watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda majumbani kwao, ilionyesha kwamba zaidi ya wawili kati ya kila watatu waliomaliza miaka miwili ya shule walishindwa majaribio mepesi ya kusoma au kuhesabu. Kwa nini siasa iliyo na nguvu ya kufungua mlango wa shule kwa siku moja inakosa nguvu ya kuhakikisha kinachofanyika ndani?

Jibu langu ni kwamba siasa haichukii ubora wa elimu. Inashughulikia kile ambacho mpiga kura anaweza kukiona na kumjua aliyekileta. Kufutwa kwa ada ni tamko la mtu mmoja, linafika kila kaya kwa wakati mmoja, na mzazi hahitaji mtaalamu wa kumwambia kama limetekelezwa. Mtoto kujua kusoma ni kazi ya miaka, inapita katika mikono ya mwalimu, mwalimu mkuu, afisa elimu, mtunga mitaala na mzazi mwenyewe, na ikiharibika kila mmoja ana wa kumnyooshea kidole. Watafiti Robin Harding na David Stasavage walilichunguza jambo hili katika nchi za Afrika na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014. Waliona kwamba nchi zenye uchaguzi wa ushindani hufuta ada na hupeleka watoto wengi zaidi shuleni, lakini hazina shule zenye vifaa na huduma bora kuliko nchi nyingine. Demokrasia ilitoa kile ambacho wapiga kura wangeweza kukidai kwa jina la kiongozi, ikaishia hapo.

Ushahidi ulio wazi zaidi nauona katika shilingi elfu kumi. Tanzania ilipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka 2002, ilipanga kila mwanafunzi apewe ruzuku ya uendeshaji ya dola 10 kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikuwa takriban shilingi 10,000. Ruzuku hiyo ndiyo ingeziba pengo la ada: chaki, daftari, vitabu, ukarabati, mitihani. Elimu bila ada ilipotangazwa upya kwa mwaka 2016, kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000, ilhali dola moja ilikwisha kuvuka shilingi 2,000. Kwa kipimo kile kile cha dola, thamani ya ruzuku ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Serikali ambayo ingethubutu kurudisha ada ya shilingi elfu tano ingezua kelele nchi nzima. Ruzuku iliyoliwa na mfumuko wa bei kwa miaka 14 haikumnyima mbunge yeyote usingizi. Fedha zote mbili ni za mtoto yule yule. Tofauti ni kwamba moja inaonekana kwenye mfuko wa mzazi na nyingine inapungukia kwenye kabati la mwalimu mkuu.

Kwa walimu hali ni hiyo hiyo, na ni ya zamani kuliko vyama vingi. Azimio la Musoma la 1974 liliamua kila mtoto wa Tanzania awe shuleni ifikapo 1977. Lengo lilikuwa tukufu, lakini vyuo visingeweza kutoa walimu kwa kasi hiyo, hivyo makumi ya maelfu ya vijana waliohitimu darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, na jina la walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, likawaganda maisha yao yote kana kwamba kosa lilikuwa lao. Kenya ilipofuta ada ya madarasa manne ya kwanza kuanzia 1974, watoto walifurika, kisha shule zikaanza kutoza michango ya majengo ambayo mahali pengi ilizidi ada iliyofutwa. Miaka ya 2000 Tanzania ilijenga shule za sekondari za kata kwa kasi kubwa, na wahitimu wa kidato cha sita wakapelekwa madarasani baada ya mafunzo ya wiki chache. Mtaani wakaitwa walimu wa voda fasta. Bili ilikuja na mtihani wa kidato cha nne wa 2012, ambapo watahiniwa zaidi ya 240,000, asilimia 60 ya wote, walipata sifuri. Serikali iliunda tume, na Mei 2013 matokeo yakafutwa ili yapangwe upya kwa hoja ya kiufundi kuhusu ukokotoaji wa madaraja. Baadaye ukaja mfumo wa wastani wa alama, GPA, nao ukaondolewa mwanzoni mwa 2016. Hata kama hoja za kiufundi zilikuwa na uzito, funzo linabaki: kipimo cha elimu kilibadilishwa haraka kuliko ufundishaji wenyewe, kwa kuwa kipimo hubadilishwa kwa waraka, na ufundishaji haubadilishwi hivyo.

Wapo wanaosema dawa ni kuitoa siasa shuleni na kuwaachia wataalamu. Naielewa hasira yao, lakini historia haiwaungi mkono. Miaka ya 1980 na 1990 sera zetu ziliongozwa kwa kiasi kikubwa na wataalamu ambao hakuna mwananchi aliyewapigia kura, wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, na ushauri wao ulituletea uchangiaji wa gharama. Uandikishaji wa shule za msingi Tanzania, uliokuwa zaidi ya asilimia 90 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulishuka chini ya asilimia 80 kufikia mwaka 2000. Walioachwa nje walikuwa watoto wa maskini, na aliyewarudisha ni mpiga kura. Kuitoa siasa shuleni ni kumtoa pia mzazi asiye na sauti nyingine yoyote.

Wengine watasema nimejijibu mwenyewe: kama ruzuku imeshuka, ipandishwe, mambo yatakaa sawa. Ipandishwe, ndiyo. Lakini jaribio la KiuFunza, lililofanyika katika shule 350 za Tanzania mwaka 2013 na 2014, linatutahadharisha. Shule zilizopelekewa shilingi 10,000 kamili kwa kila mwanafunzi hazikuonyesha watoto wanaojua zaidi. Shule ambazo walimu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto anayefaulu kusoma na kuhesabu ziliongeza kidogo. Zilizopata vyote viwili ziliongeza zaidi kuliko jumla ya hayo mawili. Fedha zilianza kufundisha pale ambapo kuna mtu aliyeulizwa kama mtoto amejifunza.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele yetu ni kuyafanya maarifa yaonekane na yawe na mwenyewe. Mji wa Sobral, kaskazini mashariki mwa Brazili, uligundua miaka ishirini na ushee iliyopita kwamba karibu nusu ya watoto wake wa madarasa ya mwanzo hawajui kusoma. Meya hakujificha nyuma ya wataalamu. Aliacha kugawa ukuu wa shule kama zawadi ya kisiasa, akauweka kwa ushindani wa sifa, na akataka kila mtoto asikilizwe akisoma. Kutoka nafasi ya zaidi ya elfu moja katika kipimo cha taifa mwaka 2005, Sobral ilifika ya kwanza muongo mmoja baadaye. Jimbo lake la Ceará liliamua mwaka 2007 kwamba sehemu ya mgao wa kodi kwa manispaa itegemee matokeo ya elimu, hasa usomaji wa darasa la pili. Tangu hapo meya anayezembea usomaji hupoteza fedha za barabara, na mpinzani wake ana la kusema jukwaani.

Hofu ya kwamba vipimo huzaa udanganyifu na kukaririsha ni ya kweli, na mitihani yetu ya mchujo imetupa kila sababu ya kuwa nayo. Ila mtihani wa mchujo hutafuta wa kuacha nje. Kumsikiliza mtoto wa darasa la tatu akisoma aya moja ya Kiswahili hakumfukuzi mtu. Mzazi yeyote anayejua kusoma anaweza kuushuhudia usomaji huo, hivyo kuughushi ni vigumu. Shule za umma Tanzania zinatakiwa kubandika kwenye mbao za matangazo fedha zilizopokelewa na zilivyotumika. Karatasi ya pili ibandikwe kando yake: watoto wa darasa la tatu ni wangapi, na wanaosoma kwa kuelewa ni wangapi. Mgombea ajaye akija kuomba kura kijijini, mwenyekiti wa kamati ya shule amsomee karatasi zote mbili, kisha amwachie kipaza sauti.