Je, Wajua? Prosesa Iliyopitwa Nayo Ina Msimu Wake

Je, wajua kwamba mwaka mmoja tu uliwahi kukata nusu nzima ya bei ya prosesa yenye viini 18? Mwishoni mwa 2018 Intel ilileta sokoni Core i9-9980XE kwa dola 1,979. Oktoba 2019 ikatangaza mrithi wake, i9-10980XE: viini 18 vilevile, utengenezaji uleule wa nanomita 14, dola 979. Kiwandani hapakutokea muujiza wowote. AMD ilikuwa njiani na Ryzen 9 3950X ya viini 16 kwa dola 749, na Intel ilijua. Anayengoja bei ishuke afuatilie kwanza mshindani anapika nini, ndipo atazame kalenda.

Je, wajua kuwa AMD nayo ilionjeshwa dawa hiyohiyo? Ryzen 7000 iliingia madukani tarehe 27 Septemba 2022, na ile kubwa yao, 7950X, iliuzwa dola 699. Kabla Novemba haijaisha ilikuwa dola 574, na ile ndogo, 7600X, imetoka 299 hadi 249. Waliokimbilia siku ya kwanza walilipa dola 125 za kiherehere. Prosesa zenyewe zilikuwa nzuri sana. Tatizo ni kwamba soketi mpya ya AM5 ilidai mazabodi mpya, mazabodi hiyo ikadai RAM ya DDR5 peke yake, na vyote viwili vilikuwa ghali. Wateja wakapiga hesabu, wakarudi kununua Ryzen 5000 ya mwaka 2020. Halafu tarehe 20 Oktoba Intel ikamwaga kizazi chake cha 13.

Na je, wajua kuwa Intel ilizindua prosesa zake kubwa za kompyuta za mezani mwezi Oktoba au Novemba kwa miaka minne mfululizo, 2021 hadi 2024? Black Friday inapofika mwishoni mwa Novemba, maduka ya Marekani na Ulaya bado yana mzigo wa zamani yanaotaka utoke kabla ya mwaka kufungwa. Mwaka 2020 uliharibu mazoea hayo: Ryzen 5000 ilitoka tarehe 5 Novemba katikati ya korona, na wengi waliotaka kununua hawakuiona kwenye rafu kwa wiki nyingi.

Je, wajua kuwa bei ya prosesa ya zamani hushuka, kisha hupanda tena? Hapa ndipo wengi hupigwa, kwa hiyo tukae kidogo. AMD ilitoa Ryzen 7 7800X3D Aprili 2023 kwa dola 449, na wacheza gemu wakaipenda kupita kiasi. Katikati ya 2024 ilikuwa ikipatikana Marekani kwa karibu dola 350. Aliyekuwa na akili ya kawaida alijiambia: mrithi wake anakuja, ngoja aje, hii itashuka hadi 300. Agosti ikaja Ryzen 9000 ya kawaida, isiyoweza kuitoa kwenye gemu. Oktoba Intel ikaja na Core Ultra 200S, nayo katika gemu nyingi ikashindwa hata na kaka yake wa kizazi cha 14. Kila aliyesoma matokeo hayo akageuka kutafuta 7800X3D, wakati mzigo wake umeanza kukauka. Bei ikapanda hadi ikapita ile ya uzinduzi. Tarehe 7 Novemba mrithi, 9800X3D, akawasili kwa dola 479, na waliongoja wakajikuta ya zamani na mpya zinauzwa karibu sawa.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu kiwanda hakisubiri sherehe ya uzinduzi ndipo kiache kutengeneza ya zamani. AMD haina kiwanda chake. Chipu zake hutengenezwa na TSMC ya Taiwan, na oda huwekwa miezi mingi kabla. Mtambo unapohamia kizazi kipya, cha zamani hubaki kile kilichokwisha kusafirishwa. Basi wakati wa kununua ni pale fununu za mrithi zimeshika kasi na rafu bado zimejaa. Maduka yakianza kuandika kwamba zimebaki chache, msimu umepita. Hii ya kungoja hadi dakika ya mwisho, kwa maoni yangu, ni kamari inayosifiwa kuliko inavyostahili.

Je, wajua kwamba mfalme wa soketi huwa hashuki bei kirahisi? Core i7-4790K ya 2014 na i7-7700K ya Januari 2017 ziling'ang'ania bei kwenye soko la mtumba miaka mingi baada ya kupitwa. Mwenye mazabodi ya zamani asiyetaka kubadilisha kila kitu ana mlango mmoja tu: prosesa kubwa kabisa inayoingia pale. Wauzaji wanamjua. Wakati huohuo, Oktoba 2017, miezi tisa tu baada ya 7700K kutoka kwa dola 339 ikiwa na viini vinne, Intel ilitoa Core i3-8100, nayo ya viini vinne, kwa dola 117. Haikuwa na mbio zile za 7700K, wala nyuzi zake nane za kazi, ila kwa ofisi na shule nani angeona tofauti?

Je, wajua pia kwamba i3 hiyo ilikuwa na miguso 1,151 ya chini, idadi ileile ya kizazi kilichotangulia, lakini Intel haikuiruhusu kufanya kazi kwenye mazabodi za kizazi hicho? Inatumbukia, inakaa vizuri, kompyuta haiwaki. Ukinunua prosesa ya bei chee, uliza kwanza namba ya mazabodi.

AMD ilikwenda njia nyingine. Iliahidi kuitunza soketi ya AM4 hadi 2020, kisha ikasahau kuacha: 5800X3D ikaja Aprili 2022 kwa dola 449, na Januari 2024 ikafuata 5700X3D kwa dola 249. Hata mazabodi nyingi za 2017 ziliruhusiwa kubeba Ryzen 5000 baada ya kusasishwa BIOS, ile programu ya kuiwasha mazabodi. Ndiyo maana Ryzen za zamani zina wateja hadi leo.

Je, wajua kuwa Ryzen 5 5600X ya viini sita ilizaliwa na viini vinane? Viwili vimezimwa kiwandani. Wakati mwingine ni kwa sababu vilitoka na kasoro, wakati mwingine ni kwa sababu soko linataka za bei nafuu nyingi kuliko za bei kubwa. Mtindo huu ni wa zamani: mnamo 2009 waliobahatika na Phenom II X3, yenye viini vitatu, waliweza kukiwasha cha nne kwa kubadilisha mpangilio mmoja wa BIOS.

Je, wajua kuna prosesa mpya iliyouzwa kwa jina la kizamani? Ryzen 5 1600 ilitoka Aprili 2017 kwa dola 219. Mwishoni mwa 2019 ikaonekana tena madukani kwa dola 85, jina lilelile, lakini ndani yake kuna usanifu wa Zen+ wa nanomita 12, yaani karibu kabisa na Ryzen 5 2600. Alama pekee ilikuwa herufi AF mahali pa AE ndani ya namba ya bidhaa. Waliojua walinunua bila kupiga kelele.

Upande wa pili wa hila hiyo ni jina jipya lenye vitu vya zamani. Laptopu nyingi zilizotangazwa mwaka 2023 zina Ryzen 5 7520U. Ile 7 ya mwanzo ni ya mwaka. Tarakimu ya tatu, 2, ndiyo inayosema usanifu wake ni Zen 2, wa mwaka 2019. Yenye 7730U ina Zen 3. Soma tarakimu ya tatu.

Kwa Intel, soma mara tu baada ya kistari: i5-7200U ni kizazi cha 7, i5-8250U ni cha 8, i5-1035G1 ni cha 10, i7-1165G7 ni cha 11. Na je, wajua kwamba mpaka kati ya cha 7 na cha 8 ndio muhimu kuliko yote kwa mnunuzi wa laptopu ya mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue? i5-7200U ina viini viwili. Ile i5-8250U, iliyotoka Agosti 2017, ina vinne. Halafu Windows 11, iliyozinduliwa Oktoba 2021, inakubali rasmi Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele, na za nyuma yake chache mno. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu mbili zinazofanana boksi, rangi na muuzaji, moja ina miaka kadhaa ya masasisho mbele yake na nyingine haina. Ukiambiwa tofauti ya bei ni ndogo, usibishane. Chukua ya kizazi cha 8. Anayekusudia kutumia Linux ndiye peke yake mwenye sababu ya kuichangamkia ya kizazi cha 7, na yeye adai ipunguzwe sana.

Je, wajua kuna bei ya kutupa inayopaswa kukutia shaka? Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake nyingi za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikijiombea volti kupita kiasi hadi zinaharibika polepole. Agosti mwaka huo zilianza kuja BIOS za kuzuia hali hiyo, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Ila BIOS mpya haiponyi iliyokwisha kuumia. i9-13900K ya mtumba inayouzwa kwa haraka huenda ina hadithi, na dhamana ya Intel inaweza isikufikie wewe.

Je, wajua kuwa Xeon E5-2670, prosesa ya seva ya Intel yenye viini vinane iliyotoka Machi 2012 kwa dola 1,552, miaka minne baadaye ilipatikana eBay kwa chini ya dola 100? Vituo vikubwa vya data vilibadilisha seva kwa mkupuo, na soko likafurika. Kwa muda mazabodi yake ikawa ghali kuliko yenyewe.

Je, wajua kwamba kwa mnunuzi wa Kenya punguzo kubwa kuliko Black Friday liliwahi kutolewa na shilingi? Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160 hivi. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Prosesa ya dola 300 isiyopunguzwa hata senti ilishuka kutoka shilingi 48,000 hadi 39,000, kabla ya kodi na usafiri.

Na hili la mwisho ni jipya. Kuanzia miezi ya mwisho ya 2025 RAM ilipanda bei vibaya, kwa kuwa vituo vya akili unde vilikuwa vikinunua sehemu kubwa ya kinachotengenezwa. Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wateja wa kawaida. DDR4 nayo ilipanda. Mwenye vipande vyake vya DDR4 kwenye kompyuta ya zamani asiviuze kwa fundi. Vinaingia kwenye mazabodi ya AM4, na hata kwenye baadhi ya zile za Intel za soketi ya LGA1700, zinazokubali kizazi cha 12 hadi 14.