Njia ya Burma Ilipitia Baharini

Soko la Burma jijini Nairobi, karibu na mtaa wa Shauri Moyo, lina jina la nchi ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana katika Vita vya Pili vya Dunia. Simulizi za Burma huwa za msituni: matope, mbu, Wajapani. Safari yenyewe na mabaharia walioiendesha hutajwa mara chache, ingawa maafa makubwa yalitokea hata kabla ya msitu kuonekana.

Mapema Februari 1944, meli tano zilizobeba askari ziling'oa nanga katika bandari ya Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo. Mojawapo, Khedive Ismail, iliyoundwa mwaka 1922, ilikuwa na watu 1,511: wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, wauguzi, wanamaji, na mabaharia wake. Alasiri ya tarehe 12, karibu na Maldives, ilipigwa topido mbili na I-27, nyambizi ya Japani. Haikumaliza dakika mbili, ikazama. Baharia aliyekuwa zamu chumba cha injini angepanda ngazi ngapi kwa muda huo? Walikufa watu 1,297.

Katika Petard, mojawapo ya manowari zilizosindikiza meli hizo, kazi ilikuwa ya masikio. Mtambo ulituma mlio majini, na baharia akasikiliza mwangwi. Sauti majini huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Muda wa mwangwi kurudi ndio unaotoa umbali. Safari hii mwangwi ulitoka karibu na walionusurika, waliokuwa wakielea.

Nahodha wa Petard, Rupert Egan, alikuwa bado na meli nne zilizojaa watu. Akaamuru mabomu ya kulipukia chini ya maji yatupwe.

Maji hayabonyei kirahisi kama hewa, hivyo wimbi la mlipuko husafiri mbali bila kupoteza makali upesi. Likimfikia mtu hupenya misuli kwa madhara madogo, kisha likikuta hewa ndani ya mapafu na utumbo hupasua. Mtu anaweza kufa bila hata mchubuko.

I-27 ililazimika kuibuka. Manowari ya pili, Paladin, ilijaribu kuigonga, ikaishia kuchanwa ubavu. Petard ikafyatua topido moja baada ya nyingine; ya saba ndiyo iliyoizamisha nyambizi. Waliookolewa kutoka Khedive Ismail walikuwa wanaume 208 na wanawake 6, na mabaharia wa Petard bado walikuwa na Paladin iliyojeruhiwa ya kuifikisha kisiwani Addu.