Utangulizi: Saa Iliyofutwa Pichani

Taaluma hii inachunguza picha za zamani za wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini. Tuanze kwa kutazama.

Mwaka 1910 mpiga picha Edward S. Curtis aliwapiga picha Little Plume na mwanawe Yellow Kidney, watu wawili wa kabila la Wapiegan, wakiwa wameketi hemani. Katikati yao palikuwa na saa ya mezani. Picha ilipochapishwa, saa haikuwamo: ilikuwa imefutwa. Negativu yenye saa ile imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Saa ilimkera nini? Curtis aliamini anapiga picha za watu wanaotoweka, na juu ya imani hiyo akajenga The North American Indian, majuzuu 20 yaliyotoka kati ya 1907 na 1930, kazi iliyoanza kwa dola 75,000 za tajiri wa benki J. P. Morgan. Saa ilimkanusha. Wenye hema waliishi karne ya 20 kama yeye.

Wapo wasomi wanaomwita Curtis mwongo, kisha wanayafunga majuzuu yake. Siwaungi mkono, kwa sababu hukumu hiyo inawasahau waliokaa mbele ya kamera, kana kwamba hawakuwa na shauri lao wenyewe. Mwaka 1914, kwa mfano, Curtis alitoa filamu aliyoitengeneza na Wakwakwaka'wakw, wenyeji wa pwani ya magharibi ya Kanada. Wakati huo sheria ya Kanada ilikuwa imepiga marufuku potlatch, sherehe yao kuu ya ngoma na ugawaji mali, tangu 1885. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1951. Lakini mbele ya kamera vinyago vilivaliwa na ngoma zikachezwa mchana kweupe. George Hunt, aliyekulia miongoni mwao, alikuwa mshirika mkuu wa Curtis katika kazi hiyo. Mwaka 2008 filamu ilipoonyeshwa upya, wazao wa waigizaji walipanda jukwaani kucheza.

Na kamera haikubaki mikononi mwa wageni. Horace Poolaw, Mkiowa wa Oklahoma, aliwapiga picha jamaa zake wakiwa na magari yao na sare zao za jeshi. Hakuvificha vitu hivyo.

Basi, msomaji, kila picha utakayoikuta kurasa za mbele iulize ni nani aliyeipanga na kwa fedha za nani. Na pale jina la aliyepigwa picha lilipoandikwa, lisome kwanza, ndipo uitazame sura yake.